Tazama shingo ya kobe: kwa mnaoanza kutengeneza katuni zisizo na maneno

Juzi kijana mmoja alinitumia katuni yake ya dakika tatu: paka na kuku wanaofanya urafiki, bila neno hata moja. Rangi amezipaka vizuri mno. Lakini sekunde kumi hazijaisha, paka keshamkumbatia kuku, na kuanzia hapo hakuna tena cha kungojea. Namwandikia yeye pamoja na nyinyi wengine mnaoingia kazi hii, maana kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, likanigharimu miezi.

Katuni yangu ya kwanza kwa watoto wa chekechea niliitoa kwenye kisa tunachokijua sana sisi wa Pwani. Desemba 2004, siku zile za tsunami, ndama wa kiboko alionekana peke yake baharini, karibu na pale Mto Sabaki unapomwaga maji yake, Malindi. Watu wakahangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akaitwa Owen. Kuteremshwa tu, akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Baadaye wakawa hawaachani, wakila pamoja na kulala wamegusana.

Wengi hukumbuka picha za kulala tu. Mimi nawaomba mkumbuke kilichotangulia. Mzee hakumpokea kwa furaha. Alifoka kwa ile pumzi kali ya kobe, akajikokota kwenda zake. Ndama akamfuata. Kobe akasogea tena, ndama akafuata tena. Filamu yenu yote iko hapo, katika ule upenyo kati ya miili miwili, unaopungua kidogo, unaongezeka, kisha unapungua tena. Mtoto wa miaka minne hawezi kuwaelezea neno "kuaminiana", lakini huo upenyo anauona, na anaumia ukiongezeka.

Kwa hiyo msianze na nyuso. Kateni vipande viwili vya karatasi, kimoja cha kijivu na kimoja cha kahawia, mvisogeze mezani mbele ya mtu asiyeijua hadithi. Akishindwa kuwaambia nani anamwogopa nani, nyusi na machozi havitawaokoa. Mimi nilirudia zoezi hilo jioni nyingi kabla sijagusa kompyuta, na hakuna saa nilizozitumia vizuri kuliko zile.

Hesabu nayo iwasaidie kuwa na kiasi. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Hata ukiushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, dakika nne ni michoro 2,880. Anayeanza asijitwishe dakika kumi. Programu isiwe kisingizio pia. Blender, programu ya kutengenezea katuni kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha.

Tena, kutokuwa na maneno si kuwa kimya. Mfoko wa Mzee niliupata kwa pampu ya baiskeli iliyofungwa kitambaa mdomoni. Nyayo zake ni gunia la mchanga likiburutwa sakafuni. Muziki niliuondoa karibu wote, kwa sababu ulikuwa unawaambia watoto wahuzunike kabla hawajaona cha kuwahuzunisha. Uzuri wa kazi hii niliuona darasani Kilifi: mmoja kwao wanasema Kigiriama, mwingine Kiluo, mwingine Kiswahili, na wote wakashusha pumzi kwa pamoja ndama alipoachwa. Mwalimu hakuhitaji kusimamisha chochote ili atafsiri.

Siku hiyohiyo ndiyo niliyojua nimekosea mwanzo. Nilikuwa nimefungua kwa wimbi kubwa, bahari ikinguruma. Watoto wawili waliziba masikio, mmoja akamkimbilia mwalimu, na akili yake haikurudi kwenye filamu tena. Nililikata wimbi lote. Sasa inafungua na nyayo ndogo kwenye mchanga, kisha ndama anayetazama huku na huku. Inatosha. Mkienda kuonyesha kazi yenu, kaeni pembeni ya skrini mkiwatazama watoto, msikae nyuma yao. Filamu mnaijua tayari. Nyuso zao ndizo msizozijua.

Mwalimu mmoja aliniuliza mbona sikuonyesha walivyokuja kutenganishwa, kiboko alipokuwa akizidi kukua na kuweza kumuumiza mwenzake. Ni swali la haki. Filamu yangu ni ya siku zile za mwanzo tu, na kwa watazamaji wa umri ule naona ndizo zinazowatosha.

Kukumbatiana je? Kobe hakumbatii, wala msimchoree tabasamu la binadamu. Nendeni mkamtazame mnyama mwenyewe. Mimi nilikaa na kobe wakubwa asubuhi nzima nikiona ngozi tu, mpaka mtunzaji alipomkuna mmoja shingoni. Yule kobe akainuka taratibu kwa miguu yote minne, akainyoosha shingo mbele, ndefu, wazi kabisa, akatulia tuli. Mnyama ambaye akiogopa huficha kichwa ndani ya gamba! Nikaelewa nimepata picha yangu ya mwisho. Ndama anasogeza pua, shingo inaanza kurudi ndani, inasita, halafu inatoka yote. Niliipa sekunde kumi na nne bila kukata.

Ile picha ilipokwisha kule Kilifi, msichana mmoja aliyekaa mkekani alimgeukia jirani yake, akaanza kumkuna shingoni kwa kidole kimoja.