Kabla hamjanunua boti ya doria, shukeni bwawani na upondo (mti mrefu wa kupimia kina)

Juzi kijana wa kikundi kimoja cha BMU, vile vya wavuvi vya kulinda maji yao, kanipigia simu kutoka Dar. Yuko dukani, pesa mkononi, anataka nimsaidie kuchagua boti ya doria. Nikamuuliza, "Mwezi huu wa kumi na moja maji yenu yanafika wapi?" Kimya. Nikamwambia atoke dukani kwanza.

Kosa lake mimi nilishalifanya, tena kwa hela za wenzangu. Nilikuwa mhazini wa kikundi cha doria bwawa la Mtera, upande wa Dodoma. Boti tuliinunua mwezi wa tano, bwawa limejaa mpaka raha: ya faiba, tumbo la V, mashine ya HP 60. Muuzaji alisifia mbio, na sisi tulitaka mbio.

Sasa Mtera likijaa, maji yako mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Mita nane na nusu hizo, kwenye bonde tambarare vile, ni ufukwe mzima kuhama. Na bonde la Ruaha Mkuu na Kisigo lilipofunikwa na maji, miti ilizama humo humo. Mzee mmoja Mgogo alituonya siku tunashusha boti: "Mbukwa wanangu. Maji haya yana mifupa." Tukacheka.

Novemba, usiku, tunafukuza mtumbwi wa kokoro, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Kishindo! Mashine ikaruka, ikalia kama debe la mawe. Kumulika, bawa moja la pangaboi limepinda, la pili limemegeka. Pangaboi la akiba hatuna, kasia hatuna. Tukang'oa ubao wa kukalia tukaanza kupiga nao maji. Wale wa kokoro wakasimama wakatutazama, kisha mmoja akauliza kwa upole kama tunataka kuvutwa. Tulikubali. Utamkamata vipi mtu aliyekuvuta?

Baada ya aibu hiyo ndipo nikaanza kusoma wenzetu wanavyounda boti hizi. Walinzi wa pwani wa Marekani wana aina inayoitwa Marine Protector, ilianza kazi 1998, zimeundwa zaidi ya 70. Urefu wake ni mita 26.5, mabaharia 10, mwendo noti 25 hivi, yaani kilomita 46 kwa saa. Mbio za kawaida tu. Ujanja uko tezini, yaani nyuma ya meli: kuna mteremko uliobeba kiboti kidogo, kinachochomoka na kurudi bila meli kusimama. Meli inakaa kwenye kina, inalisha watu na kulinda zamu. Kwenye maji mafupi na ubavuni mwa mtuhumiwa, kiboti ndicho kinachokwenda.

Sisi tulitaka chombo kimoja kifanye yote, kwa mbio.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vikundi vya Mtera, Hombolo na hata maziwa ya Singida: pimeni maji kiangazi, siyo masika. Chukueni upondo, piteni njia zote za doria, wekeni alama kwenye visiki. Kisha tafuteni boti yenye tumbo bapa na mashine ndogo inayonyanyuka kirahisi. Kasia mbili, pangaboi la akiba na pini zake, na majaketi okozi kwa kila kichwa, viingie kwenye bei ya kununulia. Msiseme mtaongeza baadaye, hamtaongeza. Mafuta ya mwaka mzima yapigieni hesabu kabla ya mashine. Ile HP 60 yetu ilishinda imefunikwa turubai zaidi kwa kukosa petroli kuliko kwa ubovu.

Na fundi awe wa karibu. Sisi pangaboi letu lililoharibika tulilisafirisha kwa basi mpaka Dar na kurudi, wiki tatu.

Kijana kakubali kuahirisha. Anakuja Jumamosi, tunaonana Mtera saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia alete buti za mpira, upondo ninao.