Nimempeleka mtoto kwa daktari wa meno, mbona anampima kilo?

SWALI: Habari dada, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Umoja. Msichana wangu ana miaka 7, juzi alilia usiku kucha na jino nikampeleka kwa daktari wa meno, akasema magego mawili yametoboka, sawa, lakini badala ya kutibu twende nyumbani akampandisha kwa mizani, akampima na urefu, akaanza kuniuliza tunakula nini tunakunywa nini. Nilisikia vibaya kusema kweli. Sisi si watu wa soda kila siku, asubuhi namwekea tu chupa ya juisi ya kuchanganya anywe kwa gari ya shule. Mamamkwe naye anasema mtoto mnene ni mtoto ameshiba, na hayo meno ni ya utotoni yatatoka tu. Kwani meno na kilo vinahusiana aje?

JIBU: Pole sana mama, jino la usiku halina mkubwa. Huyo daktari mimi namtetea, ingawa angekueleza kwanza kabla ya kumpandisha mtoto kwa mizani. Iko hivi, vijidudu vya mdomoni vikila sukari vinatoa asidi, asidi inalainisha jino, halafu mate yanachukua kama nusu saa au zaidi kuituliza. Sasa hiyo chupa ya gari ndio inanisumbua kuliko soda ya Jumapili, akianza kufyonza hapo Umoja na gari ikwame Jogoo Road, kidogo kidogo mpaka shuleni, mate yatafanya kazi saa ngapi? Na kinywaji hakishibishi, atashuka kwa gari bado anatafuta mandazi, ndio maana sukari hiyo hiyo inayotoboa meno inaongeza na kilo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na ile ya juisi, isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, na ikiwezekana ibaki chini ya 5. Kwa mtu mzima hiyo 10 ni kama gramu 50 kwa siku, na soda ya nusu lita peke yake inafika hapo. Mtoto wako kiasi chake ni kidogo zaidi.

Mamamkwe mjibu kwa heshima, ni kweli meno ya utotoni yanatoka, lakini magego yake mengine hukaa mpaka miaka 10 au 12, huwezi kumwacha alie hiyo miaka yote. Halafu mwambie mtoto apanue mdomo uangalie nyuma kabisa. Gego la kwanza la ukubwani linaota akiwa na miaka kama 6, nyuma ya mengine, bila jino lolote kutoka, ndio maana wazazi wengi wanadhani nalo ni la utotoni. Hilo likioza hakuna lingine linakuja.

Jambo lingine, jino linalouma linamchagulia mtoto chakula. Ataacha githeri na muhindi choma aombe mkate, chai na chipo kwa sababu ni laini. Kwa hivyo meno yatibiwe kwanza. (Kuna watoto wengine meno mabovu huwakondesha kabisa, si wote wananenepa.)

Kuhusu kilo, usimwekee daiti, na asiitwe kibonge hata kwa utani. Bado anarefuka, mara nyingi inatosha kilo zitulie urefu uzifikie, na mtu wa lishe pale kliniki ndiye wa kusoma hizo namba kulingana na umri wake, sio majirani. Badilisheni nyumba nzima, chupa ya gari iwe na maji, sukari ya chai ipungue polepole (baba pia!), biskuti za shosho ziliwe baada ya chakula na sio kutwa. Usiku simamia mswaki mwenyewe, dawa ya meno yenye floraidi kama punje ya njegere, ateme asisukutue, na baada ya hapo jikoni pamefungwa mpaka asubuhi. Vitafunio vya usiku vitakuwa vimeisha bila vita.

SWALI: Juisi ya kusaga nyumbani bila sukari si iko sawa? Baba wa Kayole.

JIBU: Maembe matatu yakisagwa mtoto anayamaliza kwa dakika mbili, lakini mpe ayatafune uone kama atafika la tatu. Ukisaga, sukari ya tunda inaachiliwa na kwa meno ni sukari tu kama zingine. Kama ni lazima, glasi ndogo pamoja na chakula, isiwe kwa chupa ya kutembea nayo.