Usikifate hicho kiboksi cha saa ya buluu

Hebu kwanza usiwapigie hao wa dukani. Hiyo picha ulotupia, kiboksi cheusi cha Android cha kuifanya tivii iwe smati, saa ya buluu mbele, juu kimeandikwa 8K, RAM GB 8, memori GB 128, laki na ishirini "bei ya mwisho kaka", mie nnakijua hicho. Ndugu yake ninae ndani. Uliposema kesho unashuka sokoni Darajani kukifata nikajiona mwenyewe kama nilivokuwa mwisho wa 2022, na chai ikanishinda.

Umeuliza mengi, tivii yako ya inchi 43 isiyo smati iwekewe nini, Fire Stick ya Marekani, kile kijiti cha Amazon cha kuchomeka kwenye tivii, kama inashika kwetu, bando la kiasi gani. Ntayafikia. Kwanza nikusimulie nilivoliwa.

Changu nilikinunua laki na sitini na tano. Pembeni yake kulikuwa na cha Xiaomi, laki tatu, kimeandikwa RAM 2, memori 8. Sasa wewe na akili zako, huku 8 na 128 kwa bei ndogo, kule 2 na 8 kwa bei kubwa, utachukua kipi? Nikachukua cha namba kubwa, na nikamcheka moyoni anaenunua kile kengine. Kijana wa dukani akanambia "wale wanauza jina tu brother". Hilo neno mpaka leo likinijia usiku nageuka ubavu wa pili, kwa sababu kasema kweli ila kaigeuza nje ndani. Jina ndo kitu chenyewe unachonunua, ile plastiki ni ya kubebea tu.

Akatoa fleshi mfukoni, akaichomeka, akanijazia Netflix, YouTube na apu moja ya chaneli za dunia nzima, hiyo elfu 80 juu, "ya maisha". Maisha ya nani sikuuliza. Ramadhani haijaandama ile apu ishakufa, na namba yake ya WhatsApp ikawa na alama moja tu ya tiki mpaka kesho.

Nimefika nyumbani nawasha Netflix, picha kama unaitizama kwa nyuma ya chandarua. Watu hawana nyuso. Mama watoto akauliza kwa upole, hii ndo 8K? Nikamwambia mtandao unasumbua. Na hapo ndo kosa lenyewe lilipo, mdogo wangu, si kile kiboksi. Kosa ni kwamba nilikiamini kiboksi nikakitilia shaka kila kitu chengine. Nikanunua kebo ya HDMI mpya, elfu 25. Vilevile. Nikasema rauta imechoka, nikanunua nyengine ya laini, laki na arubaini. Vilevile. Nikadhani kifurushi kidogo wanakibana spidi, nikapanda kutoka GB 40 kwenda GB 100, elfu hamsini zaidi kila mwezi, miezi minne, na kila nikipima spidi nakuta Mbps 20 na kitu na sura za watu bado uji. Nilishafika pahala naulizia bei za tivii. Piga hesabu mwenyewe, ni laki sita na elfu kumi, kwa kukwepa kitu cha laki tatu. Nami ndo nnaeitwa mjanja kwenye ukoo wetu.

Alokuja kunifungua macho ni mtoto wa dada yangu, alikuwa anasoma chuo kikuu, SUZA, wakati ule. Kaja kula futari tu. Akaitizama tivii, akaomba rimoti, akaweka apu ya bure inaitwa DRM Info, dakika tatu haikufika akanionesha herufi na namba: L3. Akanitazama vile anavotazamwa mfiwa.

Iko hivi. Netflix hawana habari na RAM yako. Wanatazama kitu kinaitwa Widevine, ni kufuli ya Google ya kuzuia video zisiibiwe. Ikiwa L1, kufuli imo ndani ya chipu yenyewe. Ikiwa L3 ipo kwenye programu tu, ni rahisi kuvunjwa, kwa hivyo hawakuamini, wanakupa picha ya 480 basi, ile ya uji, hata uwe na intaneti ya ikulu. Tena L1 peke yake haitoshi, lazima Netflix wenyewe wawe washakipima kifaa kile na kukipitisha. Wao picha safi ya 1080 wanataka Mbps 5 tu, 4K ilo safi zaidi wanataka 15. Mie nna 20 nakula 480! Na ile Android iliomo humo si ya tivii, ni ya simu imevalishwa kanzu. Ndo maana Netflix ilotoka kwenye fleshi rimoti haiiongozi, inabidi uwashe kishale kama cha kompyuta ukisukume polepole mpaka kwenye kitufe, kufungua filamu moja tu maji ya chai yashachemka. Yule mtoto wa dada akakijaribu na ile GB 128, akakijaza filamu, ilipofika GB 11 kikasema kimejaa. Namba zilikuwa za kuchapisha tu.

Ungedhani yameisha. Idi ileile tukaenda Wete, Pemba, siku nne, tivii nimezima, kiboksi nimekiacha kwenye soketi. Kurudi nyumbani Fuoni, GB 60 zilobaki hapana hata moja. Nyumba alibaki paka, na paka wangu hana akaunti. Nikaingia kwenye rauta kutizama nani mlaji, jina la juu kabisa ni kiboksi.

Nikaanza kusoma. Januari ya mwaka uleule, 2023, kuna bwana wa Canada, Daniel Milisic, alikuwa keshakifungua kiboksi chake aina ya T95 alichokinunua Amazon, akakuta kirusi kimo tangu hakijafika kwake, kwenye programu ya ndani kabisa, huwezi kukifuta kwa kuriseti kiboksi. Oktoba 2023 kampuni ya usalama wa mitandao, Human, ikatoa ripoti, mchezo wote huo wakauita BADBOX, wakakuta na modeli nyengine za bei chee. Juni 2025 FBI wakatoa onyo, mwezi ulofata Google wakafungua kesi New York wakasema vifaa vilivyoambukizwa vinapindukia milioni 10. Kazi yake vinakaa kimya kwako, wahalifu wanapitishia shughuli zao kwenye laini yako waonekane wako Fuoni, na vinabofya matangazo usiku kucha. Changu si T95, sikukipeleka maabara, ila GB 60 haziendi Wete kusalimia jamaa. Na Gmail yangu ya kazi nilikuwa nishaiingiza humo, nikabadilisha nywila zote usiku uleule mpaka saa nane.

Nikamrudia yule wa dukani. Sikugombana, nilimuonesha tu L3. Akanambia "hiyo ni setingi, nipe elfu kumi nikuflashie". Elfu kumi nyengine! Na wale wa YouTube nao, video dakika kumi na tano mtu anakifungua boksi, anasifu rangi, anasifu rimoti, anahesabu GB zilizochapwa kwenye karatasi, hafungui Netflix hata mara moja. Hao ndo nlowasikiliza wiki nzima kabla ya kununua. Sasa nikiona mtu anaanza na "mambo vipi wanangu" nazima.

Kwa hivyo nishike kwa hili moja tu, mengine nisahau: apu itoke Play Store, isitoke mfukoni mwa muuzaji. Ukimuona anatafuta fleshi, muage. Mwambie akiwashe palepale dukani kwa hotspot ya simu yako. Cha halali utaikuta Netflix imo tangu kiwandani na unaiendesha kwa vishale vya rimoti. Ikikutaka kishale cha kompyuta, toka nje ukanywe juisi ya miwa. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti usikifanye ushahidi, vya bandia pia vinachorwa. Na jina la kampuni yake litafute kabla hujatoka nyumbani, Google wanayo orodha ya kampuni zilizoruhusiwa kutumia Android TV, kama jina halimo halimo, asikwambie ni "toleo la Dubai". Akikataa kukiwasha kwa sababu utachana karatasi ya plastiki, karatasi ile mwachie na kiboksi chake.

Mie sasa nna Xiaomi TV Box S ya pili, ya 2023, RAM 2 memori 8, zile zile nilizozicheka. Picha ya kwanza tuliotizama mama watoto akasema kumbe huyu bwana ana ndevu. Chromecast yenye Google TV nayo nzuri ukiipata ya mkono wa pili ilo safi, ila Google waliacha kuzitengeneza 2024, wakaleta Google TV Streamer, dola mia kasoro senti, memori 32. Tivii yako kama ni ya 1080 usijitese na 4K. Fire Stick inashika, ila haina Play Store, ina duka lake la Amazon, kwa hivyo apu unazozitaka zitafute humo kwanza, na ya Marekani inakuja na plagi ya pini bapa mbili, yetu pini tatu, ongeza adapta. Ukiunga kijiti chochote usikichomeke umeme kwenye tundu la USB la tivii, aghlabu linatoa nusu ampia tu, kitakuwa kinazima na kuwaka chenyewe halafu useme kibovu. Tumia adapta yake. Bando ni GB 3 kwa saa Netflix ikiwa HD, hesabu mwenyewe unatizama saa ngapi.

Cha kwangu cha zamani bado kipo juu ya kabati, nimekichomoa mtandao, kimebaki saa. Tena haikurekebishika, iko kwa saa za China, tano mbele. Adhana ya magharibi inatoka Fuoni, yenyewe inakaribia saa sita ya usiku, na mama watoto kila jioni akipita anakipangusa vumbi anasema kilale, kwao washalala.