Kadi ya Visa ya Bongo ukifika Guangzhou

Mkuu, umeuliza kama Visa ya benki ya hapa itakutosha Guangzhou, China, mwezi ujao unapofuata mzigo wa mikoba, au ubebe dola. Kwa chakula, taksi na hoteli itakutosha. Kwa mzigo, beba dola.

Safari yangu ya kwanza, 2018, benki iliniambia kadi ni ya kimataifa, inachanja popote. Pale Sanyuanli, kwenye masoko ya mikoba ya Guangzhou, nikachagua mikoba, tukaelewana bei, natoa kadi, dada muuzaji akatikisa kichwa akinionyesha alama ya UnionPay kwenye mashine yake. Hela ninayo, na siwezi kulipa. Nikaishia ATM ya Bank of China, inayopokea Visa, nikitoa yuan kidogo kidogo, na kila nikitoa benki yangu inakata chake. Iliniuma sana.

Ile alama kwenye kadi ndiyo njia ambayo malipo yanapita. Kama benki ya mwenye duka haiko kwenye njia hiyo, hata uwe na mamilioni hupiti. UnionPay ni mtandao wa Wachina wenyewe, tangu 2002. Kadi zake zinaanza na 62, Visa inaanza na 4. Ujerumani nako kuna maduka madogo yanayopokea girocard, kadi ya benki za kwao, au taslimu, basi. Urusi ndiyo usijaribu kabisa: tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi.

China sasa pamelegea, maana Visa yako unaweza kuiunganisha na Alipay au WeChat Pay, app za malipo za Wachina. Lakini iunganishe ukiwa bado nyumbani! Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na laini yako isiposhika kule umekwama. Waambie pia wakufungulie matumizi ya nje.

Alipay haikati ada kwa malipo yasiyozidi yuan 200. Yakizidi hapo inakata 3%, na kwenye mzigo wa jumla hiyo inakula faida yako. Halafu wauzaji wengi sokoni wanakupa QR ya mtu binafsi, kama unavyomrushia mtu M-Pesa, na kadi ya nje mara nyingi haimtumii mtu binafsi hela. Inalipa zaidi biashara zilizosajiliwa.

Dola zikizidi 5,000, zitangaze forodhani unapoingia China. Na kama una Mastercard ya benki nyingine, ibebe pia, ila iweke begi tofauti na hiyo Visa.