Maji ya hori la bwawa yanageuka kijani, tumwage mrututu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha mazingira kwenye kijiji jirani na bwawa la Mabayani, Tanga. Kuna hori moja limeingia upande wetu, masika yakiisha maji yake yanakuwa kijani na yananuka, magugu tunang'oa yanarudi. Mwenzetu mmoja anasema tuchange tununue mrututu tumwage tumalize kazi. Ni sawa? Na je tunaweza kupima wenyewe bila maabara?

Jibu: Marahaba. Mrututu hapana, na hapo Mabayani ndo kabisa msijaribu manake hilo ndo bwawa linalonywesha Tanga mjini. Mrututu ni chumvi ya shaba. Ukiumwaga unaua huo ukijani kweli, ila kama ni ule mwani wa bluu-kijani (kitaalamu ni bakteria, siyo mmea) seli zinapasuka zote kwa mpigo na sumu iliyokuwa ndani inaingia kwenye maji, na sumu hiyo kuchemsha hakuitoi. Alafu ile mizoga ikioza inamaliza hewa ya kwenye maji usiku, asubuhi mnaamka samaki wanaelea, na shaba yenyewe inabaki kwenye tope miaka na miaka.

Kwanza mjue mna ukijani gani. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi, chota maji, funga, iache imesimama usiku kucha mahali pasipotikiswa. Asubuhi kama vitu vimezama chini hilo ni tope au mwani wa kawaida, kama vimepanda juu vimefanya utando wa kijani basi shukuni ule wenye sumu, zuieni watoto kuogelea hapo na msichote ya kunywa, toeni taarifa mamlaka ya maji. Hiki ni kipimo cha kushuku tu, sumu yenyewe inaonekana maabara. Na msishangae hori lenu kuwa baya kuliko bwawa lenyewe, ukijani huo unaelea kwa hiyo upepo unausukuma unarundikana pembeni, kusi likivuma wiki nzima upande wa kaskazini wa bwawa ndo unaopata taabu.

Kipimo cha pili ni cha uangavu. Tafuta mfuniko wa ndoo, ukate duara la sentimita 20, gawa robo nne upake nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mnaingia na mtumbwi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mnashusha upande wa kivuli, andika kina unapopotea, shusha kidogo alafu vuta andika unapoonekana tena, chukua wastani. Sehemu ileile kila wiki, mtu yuleyule kama inawezekana. Daftari la msimu mzima lina nguvu sana mbele ya maofisa kuliko malalamiko, hilo nawaambia kwa kuwajua.

Sasa chanzo. Huo mwani unakula fosforasi na naitrojeni, na fosforasi inapenda kusafiri imeshikana na udongo, kwa hiyo kila tope linaloshuka na mto Zigi toka huko Usambara Mashariki ni chakula kinaletwa. Huko juu watu wamelima mpaka mdomoni mwa mto, na kuna vijito vimewahi kuchimbwa dhahabu. Ndo maana wakulima wa huko walianzisha umoja wao, UWAMAKIZI, wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi, na mie naona mkitaka kufanya kitu cha maana nendeni mkaonane nao kabla hamjanunua hata reki moja. Mazao kama karafuu, iliki na mdalasini yanamfanya mtu aache miti isimame na bado ale, ukimwambia tu "usilime" hakusikilizi na mie nisingekusikiliza.

Kwenu huko chini pandeni majani ya gwatemala au ya tembo kwa mstari unaokata mteremko yashike udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, na mabwawa yamo. Pimeni kuanzia maji yanapofika bwawa likijaa, siyo kiangazi maji yakiwa yamerudi nyuma, maana hapo ndo ugomvi wa mashamba unapoanzia. Kikundi chenu pia kinaweza kuwa jumuiya ya watumia maji chini ya sheria ya maji ya 2009, waoneni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Zigi iko kwao.

Magugu endeleeni kung'oa ila kabla hayajatoa maua, mbegu za gugu maji zinalala kwenye tope zaidi ya miaka 10. Na msiyaache ukingoni! Nahisi ndo mnavyofanya, yakioza pale ile mbolea yote inarudi majini na mvua. Yapandisheni juu mfanye mboji mbali na maji. Ng'ombe nao wasiingie horini, watengenezeeni birika la kunyweshea pembeni huko, mavi yao nayo ni fosforasi.