Barua kwa mwanangu: yule wa dirishani

Mwanangu, salama? Huku wazima, bibi yako goti tu.

Umeniuliza kwa nini Japani ilikubali kuwanyima paspoti vibarua wake wenyewe, wakati wasiowataka walikuwa Wamarekani. Naona jibu ni heshima. Japani katoka kumpiga Mrusi 1905, mwaka unaofuata bodi ya shule San Francisco inasema watoto wa Kijapani, 93 tu mji mzima, wakasome shule ya peke yao na Wachina. Na Wachina walishafungiwa kwa sheria tangu 1882, Tokyo haikutaka fedheha ile. Basi Roosevelt, rais wa Marekani, akawabembeleza wa San Francisco waachane na hilo la shule, na Japani kwa barua tu za kibalozi, 1907 mpaka 1908, ikaahidi kibarua hapewi paspoti ya kwenda kule.

Ila mi namuwaza kijana wa Hiroshima pale dirishani pa ofisi ya kwao, ananyimwa paspoti. Mgeni akikukataa inauma, wa kwenu akikukataa inauma zaidi, nishawaambia sana. Nilivyotaka kwenda Muscat kwa mjomba wako kushona, siku nne nimekaa kwenye benchi la ofisi moja, ya tano yule baba wa dirishani, lafudhi yetu ileile, akanirudishia fomu hata hajaniangalia usoni. Wangenikataa Waarabu ningesema sawa, kwao. Lakini yule! Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka upande wa pili.

Haya, tena najibishana mwenyewe, maana wake za waliokwishafika waliruhusiwa, mabinti wakaozwa kwa picha, wakavuka bahari kumfuata mume hawajawahi kumwona, wakazaa watoto kule wakawa raia, mpaka 1920 Japani nayo ikaacha kuwapa paspoti hao wa picha, na 1924 Marekani ikapiga kufuli kwa sheria yake. Kwa hiyo heshima yenyewe haikuokoka, ila watu walishaota mizizi. Sasa hiyo ni hasara au faida? Wa kwenu akikukataa inauma zaidi, hapo sitoki, lakini wale watoto nao ni watu.

Unataka niseme Japani ilikosea. Neno liko mdomoni kabisa, nalimeza, maana mi sikuwa na nchi ya kuilindia jina, nilikuwa na sanduku tu, lile la bati mlilokuwa mnawekea madaftari, bibi yako alininunulia kwa safari ile.

Mama yako