Kabla hujailaumu mashine pepe, ingia kwenye bayosi

Kijana mmoja alipanda matatu kutoka Kakamega hadi kibandani kwangu hapa Kondele, Kisumu, laptopu kwapani. Alitaka kujifunza mfumo wa Linux ndani ya VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta halisi), asije akavuruga Windows ambayo dada yake anaitumia kuweka hesabu za duka. Wazo zuri sana. Ila kila akiiwasha ile mashine pepe ilikataa. Marafiki walimwambia laptopu imezeeka, atafute nyingine. Alifungua daftari akanionyesha alichonakili kwa herufi kubwa: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED.

Jibu lilikuwa mle mle daftarini: DISABLED, yaani kuna kitu kimezimwa. Prosesa za Intel zina uwezo uitwao VT-x, za AMD wanauita AMD-V, na tumekuwa nao tangu 2005 na 2006. Ndio unaoiruhusu mashine ya ndani itumie prosesa moja kwa moja. Lakini laptopu nyingi za mtumba zinatufikia ukiwa umezimwa. Yake ilikuwa ThinkPad: niliizima, nikaiwasha huku nagonga F1 ili niingie kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, nikaingia Security, halafu Virtualization, nikaweka Enabled, nikahifadhi kwa F10. Hata chai yangu haikupoa. Nilimwonea uchungu, maana alikuwa ameshaanza kuchanga pesa za laptopu nyingine.

Pesa hizo, nikamwambia, zitie kwenye rami, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi. Kwa GB 4 utateseka. Ukiwa na GB 8 unaweza kuigawia mashine pepe GB 3 au 4 na zote mbili zikapumua. Usiipe zaidi ya nusu.

Mimi mwenyewe, badala ya VirtualBox, naendesha mashine pepe kwa KVM, kwa sababu kompyuta yangu ni ya Linux na KVM imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Naiendesha kwa virt-manager, programu ya kuzisimamia mashine pepe, pamoja na QEMU, programu ya kuigiza kompyuta aliyoianzisha mwanaprogramu Fabrice Bellard. Ukitaka kujua kama iko tayari, tazama kama kuna faili /dev/kvm. Bila hiyo, QEMU italazimika kuigiza prosesa nzima kwa programu, na Windows itachukua muda mrefu mno kuwaka.

Wenye saiba nao wasikie hili: VirtualBox yenyewe ni programu huria, lakini ile nyongeza yake inayopakuliwa kando, Extension Pack, si huria. Ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo. Ukiitumia kwa biashara unahitaji leseni, na wengi wanaipakua bila kusoma.

Kuna kosa moja ambalo bado linaniuma. Nilikuwa na mashine pepe ya mteja yenye hesabu za miaka miwili, na kila Ijumaa nilikuwa nachukua snapshot, yaani kuhifadhi hali ya mashine ilivyo wakati huo, nikiamini hiyo ndiyo bakapu. Jioni moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikafa. Snapshot zote zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo, ndani ya faili lile lile la qcow2 linalobeba diski ya mashine pepe. Tulikaa na yule mama wiki mbili tukiandika upya kutoka kwenye risiti zake za karatasi, na hakunigombeza hata mara moja.

Sasa kila Ijumaa naizima mashine kabisa, nanakili faili lake kwenye diski ya nje, naichomoa, na diski hiyo inalala nyumbani kwangu.